Namna ya Kujifunza Utii: Mwongozo kwa Mkristo Aliye Chini ya Mamlaka

Yesu akiwa na umri wa miaka 12 aliwashangaza walimu wa hekaluni kwa akili zake na majibu yake. Mariamu na Yusufu walimwona baada ya siku tatu za kumtafuta, na alipowaeleza sababu ya kubaki Yerusalemu, hawakumwelewa. Hapo Luka anaandika jambo ambalo wengi tunalipita mbio: akashuka pamoja nao mpaka Nazareti, naye alikuwa akiwatii (Luka 2:51). Aliyejua zaidi akamtii aliyejua pungufu, na maisha yakaendelea hivyo mpaka alipoanza huduma, akiwa na umri wa kama miaka 30. Mwandishi wa Waebrania anasema waziwazi kwamba, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata (Waebrania 5:8).

Kama yeye alijifunza, hakuna kati yetu aliyezaliwa nao. Utii haushuki na maji ya ubatizo, na kuna watu waliookoka miaka mingi ambao bado hawawezi kupewa agizo dogo bila uso kubadilika. Hatua zifuatazo ni za mtu anayetaka kuufanyia mazoezi. Niseme mapema ninapoegemea: shida yetu kubwa na mamlaka haiko kwenye tanuru la moto la Shadraka, Meshaki na Abednego. Iko kwenye zamu, ratiba, ripoti na vikao. Na mtu asiyejua kukataa inavyopasa bado hajajua kutii. Alicho nacho ni nidhamu ya woga.

Hatua ya 1: Andika walio juu yako, na kila mmoja anaishia wapi

Chukua karatasi. Andika kila mtu au chombo chenye haki ya kukuagiza: serikali, wazazi, mwajiri, viongozi wa kanisa, mwalimu, kiongozi wa kikundi. Mbele ya kila jina andika ni mambo gani yamo mikononi mwake. Usiandike "kila kitu" mbele ya jina lolote isipokuwa la Mungu.

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana rahisi, kisha wanakwama baadaye. "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu," anaandika Paulo katika Warumi 13, na mifano anayoitaja ni ya mambo ya serikali: kodi, ushuru, kuadhibu uovu, kumpa heshima anayestahili heshima. Barua hiyo iliandikwa mnamo mwaka 57 hivi, Nero akiwa ndiye mtawala wa Roma, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Paulo alikuwa akiwazia watawala wema tu. Lakini Paulo huyohuyo asingempa Kaisari haki ya kuchagua mafundisho ya kanisa.

Biblia ina kisa kizima cha mtawala aliyevuka mpaka wake. Mfalme Uzia, aliyekuwa na nguvu na mafanikio, aliingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi iliyokuwa ya makuhani peke yao. Kuhani Azaria akamfuata pamoja na makuhani 80, wakamwambia usoni kwamba kazi hiyo si yake, na atoke (2 Mambo ya Nyakati 26). Hawakuwa waasi. Mfalme alikuwa mfalme halali, na siku iliyofuata angetoa amri ya vita au ya ujenzi wangeitii. Kwenye uvumba alikuwa mtu tu aliyeingia mahali pasipo pake.

Upande wa pili yuko Yesu mwenyewe. Mtu mmoja alimwomba amwambie ndugu yake wagawane urithi, naye akamjibu: ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu? (Luka 12:14). Mwenye mamlaka yote alikataa kuingia kwenye shauri ambalo hakutumwa kuliamua. Viongozi wetu wengi hawana ujasiri wa jibu hilo.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako mwajiri anapata saa za kazi, namna ya kuifanya na mavazi ya kazini. Hapati uamuzi wa nani umuoe. Mchungaji anapata haki ya kukukemea ukiishi katika zinaa, kukufundisha Neno na kuongoza utaratibu wa ibada. Akikuambia uuze kiwanja au uache masomo, huo ni ushauri, na unaupima kama ushauri mwingine wowote. Wazazi wa mtoto wanapata karibu kila kitu. Kwa mtu mzima aliyeoa au kuolewa, amri zao zinapungua na heshima inabaki palepale. Haipungui hata chembe.

Ukifika kwenye ndoa, soma Waefeso 5 kuanzia mstari wa 21, unaowaambia wote wanyenyekeane, na usisimame mpaka mume aambiwe ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya kanisa. Mume anayekariri mstari wa 22 peke yake bado hajalisoma agizo linalomhusu yeye.

Hatua ya 2: Tenganisha "sipendi" na "Mungu amekataza"

Hapa ndipo penye kazi. Moyo wa mwanadamu ni hodari wa kuvalisha "sipendi" joho la "dhamiri yangu hainiruhusu". Mtu anahamishiwa kitengo asichokitaka, na ghafla amepata mzigo wa maombi unaomzuia kuhama.

Tazama alivyofanya Danieli. Alichukuliwa mateka akiwa kijana, akapelekwa Babeli. Walimbadilisha jina, wakamwita Belteshaza. Wakampa elimu ya Wakaldayo na lugha yao. Wakamweka kwenye mafunzo ya miaka mitatu ili aitumikie serikali iliyoivamia nchi yake. Na wakampa chakula na divai ya mfalme. Kati ya hayo yote alikataa moja tu, chakula, kwa sababu pale ndipo alipoona angejitia unajisi. Jina la kipagani lazima lilimuuma. Kusomea maarifa ya waliomteka hakukuwa jambo la kufurahisha. Lakini maumivu hayakuwa kipimo chake.

Nasi tufuate njia hiyo. Ukipewa agizo likakuchoma, jiulize swali moja: nikitii, nitakuwa nimevunja amri gani ya Mungu? Itaje kwa jina. "Usishuhudie uongo." "Usiibe." "Usiue." Ukitafuta dakika tano na huipati, basi uko kwenye "sipendi", na jambo lako linakwenda hatua ya tatu na ya nne. Ukiipata bila kuhangaika, nenda hatua ya tano.

Kuna kundi la katikati: agizo si dhambi, ila ni la kipumbavu. Bosi anataka ripoti iandikwe upya kwa mtindo unaokula muda mara mbili. Kamati ya kanisa imepanga mkutano saa ambayo hakuna atakayekuja. Watu wenye akili nyingi huanguka hapa zaidi ya wengine, kwa sababu wanaona upungufu wa agizo kabla hata halijamalizika kutamkwa, na wanadhani kuliona kosa ni sawa na kupewa ruhusa ya kutotii. Upumbavu wa agizo ni sababu nzuri ya kuzungumza. Peke yake hautoshi kuwa sababu ya kugoma.

Hatua ya 3: Tii jambo moja dogo, haraka na lote

Chagua agizo moja kwenye karatasi yako ambalo umekuwa ukilitii shingo upande. Dogo. Naamani, jemadari wa Shamu, alikasirika alipoambiwa akajichovye mara saba katika mto Yordani; alitarajia jambo la heshima zaidi. Watumishi wake ndio waliomrudisha kwenye akili: kama nabii angekuambia ufanye jambo kubwa, usingelifanya? (2 Wafalme 5:13). Wengi wetu tuko tayari kufa kwa ajili ya Kristo lakini hatuko tayari kufika kazini saa mbili kamili.

Utii una namna tatu za kuharibika, na inafaa uzijue kwa sababu zote zinaonekana kama utii.

Ya kwanza ni utii wa nusu. Sauli aliagizwa aangamize vyote vya Waamaleki, akaacha kondoo walionona pamoja na mfalme Agagi, kisha akampokea Samweli kwa salamu njema na kumwambia ametimiza neno la Bwana. Samweli akamuuliza, mlio huu wa kondoo ninaousikia ni wa nini? Sauli alikuwa na maelezo ya kiroho kabisa: wameachwa ili watolewe dhabihu. Hapo ndipo likatoka lile neno, "Kutii ni bora kuliko dhabihu" (1 Samweli 15:22). Ukijikuta unaeleza sana kwa nini ulifanya sehemu na kuacha sehemu, sikiliza kondoo.

Ya pili ni utumwa wa macho, kama Paulo anavyouita katika Wakolosai 3:22: kazi inafanyika msimamizi akiwepo, akitoka inasimama. Maneno hayo aliwaandikia watumwa, watu ambao hawakuchagua bwana wala hawakuwa na mkataba. Aliyeajiriwa kwa hiari yake, anayelipwa na anayeweza kuacha kazi, ana kisingizio kidogo zaidi.

Ya tatu ni ngumu kuikamata. Chukua mwanakwaya aliyezoea kuanzisha wimbo. Mwalimu wa kwaya anampa binti mdogo sehemu hiyo. Mwanakwaya wetu hasemi neno. Anakwenda mstari wa nyuma kama alivyoelekezwa, anavaa sare, anafika mazoezini. Ila kwenye kiitikio anaingia akiwa amechelewa kidogo, kwa makusudi, kiasi ambacho hakuna anayeweza kumshitaki. Binti akikosa noti, anatazama dari. Ukimuuliza, atakuambia mimi nimetii kila nilichoambiwa, na kwa karatasi ni kweli.

Dawa ya hali hii haipatikani kwa kukunja meno. Fanya kitu kimoja kinachokwenda mbele ya agizo: mwanakwaya amfundishe yule binti pale anapovuta pumzi vibaya. Mwili ukishafanya wema, moyo huwa unakuja nyuma yake taratibu. Usingoje kwanza ujisikie vizuri. Katika mfano wa wana wawili (Mathayo 21:28-31), aliyesifiwa ni yule aliyesema sitaki, kisha akatubu akaenda shambani. Yule wa "naam, bwana" hakwenda.

Fanya hivyo kwa jambo hilo moja mpaka liache kukuuma, ndipo uongeze la pili.

Hatua ya 4: Jifunze kupinga kwa heshima

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni methali ya kweli, ingawa nimeona mara nyingi anayeinukuu ni mkuu mwenyewe. Maandiko hayamtaki aliye chini awe bubu. Mitume walipoletewa manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakuwaambia wanaolalamika watubu roho ya uasi. Waliita mkutano, wakasema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na shida ikapata ufumbuzi (Matendo 6). Malalamiko halali yalijenga kanisa.

Basi unapingaje? Rudi kwa Danieli. Alikwenda kwa mkuu wa matowashi na akaomba. Yule mkuu akamweleza hofu yake: vijana wakionekana wamekonda, mfalme atanikata kichwa. Danieli hakumbeza. Akamwendea msimamizi na pendekezo lililobeba ile hofu ndani yake: tujaribu siku kumi, tule mimea na kunywa maji, kisha ututazame na utufanyie kama utakavyoona. Alimwachia mwenye mamlaka uamuzi wa mwisho na njia ya kurudi nyuma bila aibu.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda, tafuta kujua mkuu wako anaogopa nini. Karibu kila agizo baya lina hofu nyuma yake: fedha zitaisha, wakubwa zaidi watauliza, watu watasema. Nenda faraghani. Kundi la simu lenye wanachama wengi si mahali pa kumsahihisha mzee wa kanisa, hata ukianza na "kwa heshima zote". Peleka pendekezo badala ya lawama tupu, na liwe na muda au kipimo kama zile siku kumi. Maneno yanaweza kuwa ya kawaida tu: "Mzee, nimelielewa agizo, na ukiniambia tuendelee nitaendelea. Ila nina wasiwasi na saa ya mkutano, wengi watakuwa bado kazini. Tukijaribu mara moja jioni, halafu tukahesabu waliokuja, itakuwaje?"

Akikataa, sema tena mara moja kama una jambo jipya la kuongeza. Kisha fanya, na usiende kupika majungu nje ya ofisi.

Yoabu, jemadari wa Daudi, ni mfano wa kufikirisha hapa. Daudi alipoamuru watu wahesabiwe, Yoabu alimwuliza mfalme wazi kwa nini analitaka jambo hilo (2 Samweli 24:3). Neno la mfalme likamshinda, akaenda. Lakini miaka ya nyuma alipopokea barua ya kumweka Uria mbele penye vita vikali ili afe, hatusomi kwamba aliuliza chochote. Kwenye sensa alikuwa na mdomo, kwenye mauaji alikuwa kimya. Kama ungelazimika kuchagua mahali pa kufungua kinywa, ungechagua kinyume chake.

Tahadhari moja. Kosa la hadharani, hasa la mafundisho, linaweza kuhitaji jibu la hadharani: Petro alipojitenga na Wakristo wa mataifa kule Antiokia, Paulo alimpinga mbele ya wote, kwa sababu wengine walikuwa wamekwisha kuvutwa (Wagalatia 2:11-14). Usilifanye kanuni yako ya kila siku. Paulo huyohuyo, alipoambiwa kwamba amemjibu kwa ukali kuhani mkuu, alijirudi hapohapo akinukuu torati kwamba mkuu wa watu asinenewe mabaya (Matendo 23:5), na hiyo ilikuwa baada ya kuhani yule kuamuru apigwe kofi kinyume cha sheria.

Hatua ya 5: Ikibidi kukataa, kataa tendo tu

Agizo likikutaka uvunje amri ya Mungu uliyoitaja kwa jina, jibu lilishatolewa na mitume: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu" (Matendo 5:29). Wakunga Shifra na Pua hawakuua watoto wa kiume wa Waebrania ijapokuwa Farao aliamuru. Walinzi wa Sauli walikataa kuwanyoshea mikono makuhani wa Nobu. Doegi Mwedomi akajitolea, akaua watu 85 siku hiyo (1 Samweli 22). Doegi alitii mamlaka. Walinzi hawakutii. Msomaji hahitaji kuelezwa nani alikuwa sahihi.

Namna ya kukataa ndiyo inayofundishika. Mhasibu wa shirika anaambiwa na mkurugenzi aandike tarehe ya mwezi uliopita kwenye risiti ya leo, ili malipo yaonekane yalifanyika kwa wakati. Anaweza kutii na kulalamika nyumbani. Anaweza kulipuka na kutishia kumwaga kila kitu. Au anaweza kusema hivi, akiwa amesimama mezani, sauti ya kawaida:

"Bosi, tarehe ya mwezi uliopita siwezi kuiandika, kwa sababu malipo yamefanyika leo. Nitakuandikia barua ya kueleza kwa nini tulichelewa, na kabla ya saa sita itakuwa mezani kwako uisome. Vitabu vingine ulivyoniomba nimeshavifunga."

Angalia alivyofanya. Amekataa tendo moja. Hakumhukumu bosi kuwa mwizi. Ametoa msaada unaowezekana kwa tatizo halisi. Na kazi nyingine zote zimekwisha, kwa hiyo hakuna wa kusema anatafuta sababu ya kukwepa majukumu. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: maadui wa Danieli walipomchunguza hawakupata kosa lolote katika utumishi wake, ikabidi wamtegee katika sheria ya Mungu wake. Neno la mtu mtiifu anaposema "hili siwezi" linasikika. La mtu anayekataa kila kitu ni kelele tu.

Anaweza kufukuzwa. Sehemu ya kukataa kwa Kikristo ni kuipokea gharama bila kisasi. Vijana watatu walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata kama si hivyo, hawataiabudu sanamu. Polikarpo, askofu wa Smirna aliyeuawa katikati ya karne ya 2, alimwambia liwali kwamba Wakristo wamefundishwa kuwapa watawala heshima inayowastahili; akatoa heshima hiyo, akakataa kumlaani Kristo, akachomwa. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake wa Uganda walimwandikia Idi Amin mwenyewe barua ya kupinga mauaji na uonevu. Luwum aliuawa Februari mwaka huohuo.

Kupokea gharama hakumaanishi kuacha haki zako za kisheria. Paulo alipigwa bakora huko Filipi bila kuhukumiwa, na asubuhi wakuu walipotaka atoke kimyakimya, alikataa: sisi ni raia wa Rumi, waje wenyewe watutoe (Matendo 16:37). Baadaye alikata rufani kwa Kaisari. Kukata rufani, kwenda kwenye chama cha wafanyakazi, kufungua kesi, yote hayo ni njia za kubaki ndani ya mamlaka, kwa sababu unamwomba mkubwa zaidi aamue.

Hatua ya 6: Mamlaka inapoumiza

Hapa nataka kukaa, maana mahubiri mengi ya utii yamewaumiza watu.

Mstari unaotumika sana kufunga midomo ni Zaburi 105:15, "Msiguse masihi wangu". Usome pamoja na mstari ulio kabla yake. Zaburi inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni, wachache, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na inasema Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Onyo linaelekezwa kwa wenye nguvu kwa ajili ya wanyonge. Kulichukua likawa ngao ya kiongozi dhidi ya muumini aliyeibiwa ni kuligeuza kichwa chini miguu juu.

Kisa cha pili ni Daudi na Sauli. Ndiyo, Daudi alikataa kumuua mpakwa mafuta wa Bwana alipompata pangoni, na moyo ukamchoma hata kwa kukata upindo wa vazi lake. Lakini soma aliyoyafanya mengine. Alikimbia. Alipotupiwa mkuki hakubaki pale aonyeshe unyenyekevu. Alimweleza Yonathani, akamweleza Samweli, wala hakutunza siri ya kile Sauli anachomfanyia. Alisimama mbali, mbele ya majeshi ya pande zote mbili, akamuuliza Sauli kwa sauti kubwa amemkosea nini. Sauli akakiri amekosa, akaahidi hatamdhuru tena, akamwita mwanangu, arudi. Daudi akaenda zake (1 Samweli 26:25). Alimsamehe asimdhuru, na hakurudi nyumbani mwake. Anayemfundisha mke anayepigwa, au binti anayesumbuliwa na kiongozi wa maombi, kwamba Daudi alivumilia, amsomee sura zote.

Dalili za kukuamsha ni hizi: unaambiwa jambo fulani usimwambie mtu mwingine yeyote, unatengwa na ndugu na marafiki waliokujua kabla, hesabu za fedha hazionyeshwi na anayeziuliza anaitwa muasi, na kiongozi anapokea "ufunuo" juu ya ndoa yako, mwili wako au akiba yako. Kwenye 1 Wafalme 13 kuna mtu wa Mungu aliyeagizwa na Mungu asile wala asinywe mahali pale. Nabii mzee akamdanganya kwamba malaika ameleta agizo jingine. Yule mtu wa Mungu akamwamini kwa sababu ya cheo chake, na simba akamuua njiani. Umri na karama ya anayesema havifuti kile ambacho Mungu alikwisha kukisema.

Ukiona hayo, ondoka kwanza kwenye hatari, mengine baadaye. Mweleze mtu mzima unayemwamini aliye nje ya himaya ya kiongozi huyo. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa. Peleka jambo kwa wazee. 1 Timotheo 5:19-20 inataka mashahidi wawili au watatu, na inaagiza mzee anayedumu katika dhambi akemewe mbele ya wote. Ikiwa kilichotendeka ni jinai, kama kipigo, ubakaji, wizi, au kumchezea mtoto, nenda polisi bila kungoja kikao cha kanisa. Warumi 13 inasema mtawala haubebi upanga bure. Kumpelekea mhalifu ni kutii sura hiyohiyo tunayohimizwa kuitii, na kumsamehe mtu hakuondoi kazi ya hakimu.

Hatua ya 7: Waombee kwa majina

Paulo anamwagiza Timotheo kwamba dua zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka (1 Timotheo 2:1-2). Taja jina na shida halisi ya mtu huyo: msimamizi anayeuguliwa, mwenyekiti aliyeelemewa. Kumsengenya mtu uliyemwombea asubuhi kunakuwa kugumu kidogo.

Hatua ya 8: Waangalie walio chini yako

Karibu kila mtu ana wa kumwagiza: mtoto, mfanyakazi wa nyumbani, mwanafunzi, mshirika wa kikundi. Akida wa Kapernaumu alielewa mamlaka ya Yesu kwa sababu alikuwa na pande zote mbili: "mimi nami ni mtu niliye chini ya mamlaka, mwenye askari chini yangu" (Mathayo 8:9). Ukitaka kujua utii wako umefika wapi, tazama unavyoagiza. Anayekunja mgongo mbele ya wakubwa na kuwafokea wadogo bado ana ile nidhamu ya woga, ameigawa tu.

Wazee walimshauri Rehoboamu awe mtumishi wa watu siku ile moja, awajibu maneno mazuri, nao wangemtumikia siku zote. Yeye akafuata vijana wenzake, akawaambia baba yangu aliwapiga kwa mijeledi, mimi nitawapiga kwa nge. Makabila kumi yakaondoka (1 Wafalme 12).

Wiki hii mwite mmoja wa walio chini yako, mkae mahali patulivu, umuulize ni agizo lako lipi analitii huku linamuumiza. Usijitetee akijibu, andika tu. Asipotaja lolote, usidhani hakuna. Muulize tena baada ya muda, na safari hiyo anza wewe: taja agizo moja ulilolitoa ambalo huna uhakika nalo, umwambie ulikuwa unaogopa nini ulipolitoa.